Setilaiti Si Nyapara

Jumapili, upepo.

Same leo ina upepo ule wake wa kuokota vumbi barabarani na kulipeleka kwenye chai za watu. Juu milimani kumefunga mawingu, lakini huku chini jua linawaka bila kizuizi. Mwili umechoka. Moyo haujachoka. Naanza na hilo ili mtu asisome mbele akadhani naandika msiba.

Niko dukani kwa dada Upendo, kwenye kompyuta ya pembeni, ile yenye herufi zilizofutika. Amefungua baada ya ibada. Ndiye aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni, alipochoka kusikia habari zangu za bwawa. Aliniambia, "Mjomba, mimi nina wateja. Andika humu, watakusoma wasio na haraka." Basi naandika. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo anayetafuta makosa atayapata.

Leo asubuhi nilidhani kazi imekwisha.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni Muha, kwetu Kasulu, mbali sana na hapa. Nilikuja Upare kukata mkonge, kama walivyokuja wajomba zangu. Nilikuta shamba bado ni la umma, unga wa posho unatolewa, na zahanati ina dawa siku mojamoja. Kisha likaja soko huria, shamba likauzwa, mwenye mali mpya akapunguza watu, na sisi tuliobaki tukapewa kazi ya waliopunguzwa juu ya kazi yetu. Bei ya mkonge nayo ilishauawa zamani na kamba za nailoni. Mikono yangu ina makovu ya miiba mpaka kwenye viwiko. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nasema ili mjue naogopa kurudi wapi.

Tangu kiangazi kianze nina kibarua kingine, kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu. Aliyetuajiri ni dada mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu, sisi tunamwita Daktari tu. Ni mdogo kwangu kwa umri, na kila tukikutana anatangulia yeye: "Shikamooni." Siku ya kwanza nilishindwa kuitika. Mtu mwenye digrii hajawahi kuniamkia. Nikamtazama mwenzangu, mwenzangu akanitazama mimi, mwisho tukaitika pamoja kama watoto darasani.

Mwenzangu ni Msangi, Mpare wa Bombo, kule juu milimani. Alikuwa dereva wa trekta shambani kwetu mpaka alipopunguzwa. Sasa anaendesha boti, kwa sababu anasema injini ni injini, iwe inalima au inaogelea. Ni Msabato, Jumamosi hagusi kitu, lakini siku nyingine zote hajui kukaa.

Kazi yenyewe nilichukua muda kuielewa. Majini, baharini na hata kwenye mabwawa, kuna vimea vidogo sana. Ukichota maji kwenye glasi ukayainua juani huoni hata kimoja. Jina lao la kitaalamu ni fitoplanktoni. Msangi anaviita vijani, nami nimefuata. Samaki wadogo wanakula vijani, samaki wakubwa wanakula wadogo, sisi tunamalizia kwa ugali. Kwa hiyo mwenye kujua vijani viko wapi na ni vingi kiasi gani, anajua mengi kuhusu riziki ya watu.

Lakini bahari nzima utaizunguka kwa boti gani? Ndipo inapoingia setilaiti. Inapita juu kabisa, haioni kijani kimoja wala kumi. Inaona rangi. Maji matupu yanarudisha bluu. Yakiwa na vijani vingi, vinaimeza ile bluu na kuacha rangi ya majani. Daktari analinganisha rangi hizo mbili kwa hesabu, anakadiria wingi wao.

Mimi nilibisha. Aliyenielewesha ni Msangi, tukiwa tunatengeneza uzi wa kuwashia injini.

"Ukisimama kwetu Bombo ukatazama chini tambarare," aliniambia, "unajua mvua imenyesha wapi. Unahesabu majani?"

"Sihesabu."

"Basi setilaiti ni Mpare aliyepanda juu zaidi."

Tangu hapo sikubisha tena. Ila hata mtu wa Bombo anaweza kudanganyika. Ataona ukijani akadhani ni mahindi, kumbe ni magugu. Bwawani tope la mto nalo lina rangi yake, linaweza kuivuruga hesabu. Lazima awepo mtu chini, juu ya maji yenyewe, siku ileile, aseme kilichopo.

Huyo mtu ni mimi.

Tuna vituo vyetu vilivyowekewa maboya. Tukifika, nashusha majini sahani nyeupe kwa kamba iliyopimwa. Naitazama inavyozama, inafifia, inapotea. Hapo nasoma kina. Vijani vikiwa vingi sahani inapotea upesi. Kisha nachota maji nayachuja kwenye karatasi, nayo inabaki na rangi ya kisamvu. Naifunga isipate mwanga, naiweka kwenye barafu tunayopata kwa wachuuzi wa samaki, mpaka ifike maabara. Kamba ya sahani ni ya nailoni. Siku ya kwanza Msangi aliishika akaitazama sana. "Huyu ndiye aliyetufukuza kazi," alisema. "Leo anatuajiri."

Watu wa pale walituzoea polepole. Kuna mfugaji mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akinywesha ng'ombe karibu na boti yetu, akauliza tunatafuta nini na sahani. Msangi akamjibu tunatafuta majani ya samaki. Yule bwana akafikiri, akasema, "Ng'ombe wangu wanayajua majani yalipo bila sahani," akaendelea na safari yake.

Daktari hakutuficha kitu tangu mwanzo. Bwawa hili ni mahali pa kujaribia. Hesabu yake ikikubaliana na maji yetu hapa penye tope, ataipeleka baharini, pwani ya Tanga, na sisi wawili atatuchukua kwa mkataba. Isipokubaliana, wanaomfadhili watafunga, kila mtu arudi alikotoka. Kwa Msangi, alikotoka ni maharage na migomba ya Bombo. Kwangu mimi ni mkonge. Nyapara wa shambani ameshaniambia nafasi yangu ipo, na alicheka aliposema hivyo. Na kule Kasulu mke wangu ameshawatangazia watu kwamba mumewe hakati mkonge tena.

Kwa hiyo tulifanya kazi. Naandika bila haya: sijaona watu waliofanya kazi kama sisi. Giza halijatoka vizuri tumeshaingia majini. Baridi ya bwawa alfajiri inaingia kwenye mifupa, na wewe unatakiwa utulie uinamie maji. Viboko wanakoroma kwenye matete, maji yametulia kama uji uliopoa, boti inapasua utando wa kijani kama unavyopasua utando wa maziwa. Jua likichomoza tumebakiza kituo kimoja. Daktari alisema setilaiti inapita saa nne asubuhi. Saa nne ikifika sisi tuko nchi kavu, boti imefungwa, sahani imeoshwa, karatasi ziko kwenye barafu. Kila kitu mahali pake.

Msangi alikuwa akivaa na shati.

Nilimwambia setilaiti haioni shati. Akanijibu, "Inayoona vijani itashindwaje kumwona Mpare aliyevua shati?"

Kuna siku tulitaka kulegea, siku za mawingu, maana wingu likifunika setilaiti haioni chini. Msangi akasema leo hatuonekani, tulale. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia kazi ni kazi, aone asione. Najisifu, najua. Lakini ndivyo nilivyofundwa na shamba.

Sasa leo. Daktari alitutumia salamu tuje Same, ana majibu. Tulimkuta uani kwenye nyumba ya wageni aliyofikia, ameketi barazani, kompyuta yake mezani, chai imepoa pembeni.

"Shikamooni."

"Marahaba, Daktari. Za safari?"

"Nzuri." Lakini hakutabasamu, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hakulala.

Akageuza kompyuta tuone. Kwanza ilikuwa picha ya bwawa kutoka juu, limelala kama soli ya kiatu, limepakwa rangi mbalimbali kuonyesha vijani viko wapi. Nilifurahi kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake. Nilimwonyesha Msangi vituo vyetu kwa kidole. Kisha Daktari akafungua picha nyingine, ya mstari na nukta.

"Mstari huu ni pale ambapo nyinyi na setilaiti mngekuwa mnasema neno moja," alisema. "Kila nukta ni siku moja ya kazi yenu."

Mstari ulikuwa peke yake. Nukta zilikuwa upande mmoja, mbali nao, zimesongamana kama ng'ombe waliokataa kuingia zizini.

Nilihisi miiba mikononi, nasema kweli. Makovu ya zamani yaliwasha.

"Nyinyi mnasema vijani ni vingi," Daktari aliendelea. "Setilaiti inasema ni vya kiasi. Na si siku moja. Nimebadilisha hesabu mpaka nimechoka. Nilidhani ni tope, kumbe si tope. Wiki hii ndiyo ya mwisho. Ikibaki hivi, nitaandika kwamba hapa haifanyi kazi."

Msangi alisimama. "Daktari, sisi hatujadanganya hata siku moja. Kwa hili niko tayari kwenda mahakamani."

"Kaa chini," nilimwambia. "Mpare akigombea kuku anauza ng'ombe aendeshe kesi. Hapa huna hata kuku."

Daktari akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. "Sijasema mmedanganya, mzee wangu. Kaa. Tazameni hizi hapa."

Akaonyesha nukta chache ambazo sikuziona mwanzoni. Zilikuwa zimekaa juu ya mstari kabisa, kama ndege kwenye waya wa simu.

"Siku hizi mlikubaliana kabisa," alisema. "Zote zingekuwa mbaya ningejua la kufanya. Hizi ndizo zinazoninyima usingizi. Siku hizi mlifanya nini tofauti?"

Akazitaja moja moja. Ya kwanza tu tulitazamana. Hatukuhitaji kukumbushwa, maana zilikuwa siku zetu za aibu, ambazo tulikubaliana wawili kutozungumza. Siku moja kiboko alilala na mtoto wake pale penye boti yetu, akakataa kuondoka mpaka jua likawa kali. Siku nyingine plagi ya injini ililowa, tukahangaika nayo asubuhi nzima. Na ile nyingine Msangi alitoka kwao Bombo kwenye harusi ya mpwa wake, gari likaharibika Hedaru, nikamngoja ufukweni nikimlaani.

Msangi alinipiga teke chini ya meza.

"Sema wewe," nilimnong'oneza.

"Sema wewe, Muha. Mimi nina watoto."

"Kwani mimi nina mbuzi?"

Daktari alikuwa anatungoja. Basi nikasema. "Utusamehe, Daktari. Hizo ni siku tulizochelewa."

"Mlichelewa vipi?"

"Sana. Siku ya kiboko, setilaiti ilitukuta bado tuko majini, sahani ikiwa mkononi. Siku ya plagi vilevile. Lakini siku nyingine zote ilipita tumeshamaliza."

"Mmeshamaliza," alirudia polepole. "Huwa mnamaliza saa ngapi?"

"Mapema!" Msangi alidakia kwa fahari, akidhani sasa tunasifiwa. "Tunaingia alfajiri, Daktari. Jua likitoka tumebakiza kituo kimoja."

Daktari alivua miwani akaiweka mezani. Akainamisha kichwa. Mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikafikiri, tumemliza mtoto wa watu. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka mwenye nyumba ya wageni akachungulia dirishani.

"Kwa nini alfajiri?" aliuliza alipopata pumzi.

Nilimweleza kama ninavyojua. Shambani unapewa kipande chako cha kazi, na unaamka usiku ili ukimalize kabla ya jua kali. Nyapara anapita saa zake. Akikuta umemaliza, mafungu yamepangwa, wewe ni mtu. Akikukuta bado uko kwenye mstari unakata, siku hiyo ina mashaka. Na yeye Daktari alisema setilaiti inapita saa nne. Anayepita si anakuja kukagua?

"Mmeifanya setilaiti kuwa nyapara," alisema, machozi yanamtoka. "Jamani, setilaiti si nyapara! Haiji kuona kama mmemaliza. Inatazama maji saa ileile inayopita, na nyinyi mnatakiwa muyatazame saa hiyohiyo. Mashahidi wawili, maji yaleyale, wakati uleule."

"Kwani maji yanabadilika toka alfajiri mpaka saa nne?" Msangi aliuliza.

Yanabadilika. Alituchorea kwenye karatasi ya mkate. Usiku upepo ukilala, vijani vya bwawani vinapanda juu, vinatanda. Asubuhi upepo wa tambarare ukianza, unavikoroga na kuvirudisha chini. Tena alfajiri mwanga ni hafifu, kwa hiyo sahani inapotea machoni kabla ya wakati wake. Mambo mawili, yote yanavuta upande mmoja. Yote yanasema vijani ni vingi kuliko vitakavyokuwa saa nne. Nilikumbuka ule utando tuliokuwa tukiupasua kwa boti. Niliupita kila siku, sikuwahi kuuliza unakwenda wapi.

Daktari naye hakujitoa lawamani. Alisema nusu ya kosa ni lake, alitaja saa nne akadhani ameeleza, na kwenye karatasi za kujaza hakuweka nafasi ya saa kwa sababu aliona saa inajulikana. Ilijulikana kweli. Kila mmoja aliijua kwa namna yake.

Sasa niseme kilichonipata baada ya kicheko.

Nilikasirika. Si kwake, wala si kwa Msangi. Nilizikasirikia zile alfajiri. Baridi yote ile, kuinama kote kule, usingizi wote nilioukata, nukta zake ndizo zilizokaa mbali na mstari. Na siku nilizoona haya, siku nilizomlaani kiboko na kumtukana Msangi na harusi yao, ndizo zinazotusemea mbele ya wenye pesa. Daktari anasema zile za alfajiri hazitupwi, siku moja zitafaa kuonyesha jinsi vijani vinavyopanda na kushuka. Huenda. Lakini kwa wiki hii hazituokoi.

Miaka yote nimeamini kuwahi ndiyo haki ya maskini. Huna shule, huna ndugu ofisini, lakini unaweza kuwahi. Hilo hawawezi kukunyang'anya. Leo nimejifunza kuna kazi ambayo kuiwahi ni sawa na kuichelewa.

Ilinichukua kutoka nyumba ya wageni mpaka hapa kwa dada Upendo kulimeza hilo. Nimelimeza.

Hesabu ya sasa iko hivi. Daktari anazo siku zetu chache nzuri, lakini ni chache mno kumsimamishia ripoti. Amebakiwa na wiki hii. Yeye mwenyewe anakuja bwawani, atakaa mpaka mwisho. Tukipata asubuhi kadhaa zisizo na mawingu, tukawa majini saa ileile, na nukta zikaangukia mstari, kazi inakwenda baharini nasi tunakwenda nayo. Mawingu yakishuka kutoka milimani yakafunika bwawa, basi. Setilaiti itapita ione pamba tu, na mimi nitakwenda kumwona nyapara.

Vuli iko karibu. Nimetoka nje sasa hivi kutazama. Mawingu yako juu ya milima, mazito. Msangi anaapa kwamba msimu huu mawingu ya Upare hayashuki mpaka yaitwe, anayajua tangu akiwa mdogo, yanakaa hukohuko juu kama wazee wenye shamba lao. Nilimwambia milima haipelekwi mahakamani ikivunja ahadi. Akasema tutaona.

Mimi nina imani, na nitaeleza kwa nini, maana dada Upendo ameshaniuliza kama najifariji. Sijifariji. Tazama: kiboko hajui habari za plagi. Plagi haikualikwa harusini Bombo. Mambo hayo hayana undugu wowote, isipokuwa kila moja lilituweka majini saa nne. Na kila moja limeangukia kwenye mstari. Yangekubaliana vipi, kama hesabu ya Daktari si ya kweli? Hata mtu wa darasa la tano analiona hilo. Hesabu ni nzima. Setilaiti ni nzima. Maji hayakosei. Tuliokosea ni sisi, na kosa letu linarekebishwa kwa kuamka saa nyingine tu.

Sijawahi kuona kosa rahisi namna hiyo maishani mwangu.

Nimefikiria bahari pia. Sijaiona bado. Nilivuka nchi nzima kwa treni, nikashuka, nikageuzwa huku kwenye mkonge kabla sijafika ufukweni. Ningependa kuiona nikiwa na sahani mkononi, nina shughuli nayo, si nimekwenda kuishangaa. Mke wangu sijampigia. Nitampigia nikiwa na jibu.

Msangi amefika, yuko mlangoni na begi lake. Amenunua plagi mpya. Nilimwuliza kama ataendelea kuvaa shati, maana sasa tumeshaambiwa wazi. Akaniangalia kama mimi ndiye nisiyeelewa. "Ndiyo nitalivaa zaidi," alisema. "Safari hii itatukuta kazini."

Tulipoagana Daktari alitupa amri moja, akairudia mara ya pili kwa sababu anatujua sasa: mtu asiguse maji mpaka jua liwe juu. "Kesho alfajiri," alisema, "kazi yenu ni kulala."

Hakuna bosi aliyewahi kuniambia hivyo. Najua nitaamka tu, mwili umezoea kile chuma walichokuwa wakitugongea gizani kwenye kambi ya mkonge. Lakini sitatoka. Nitalala chali, niwasikilize viboko wakikoroma kwenye matete, Msangi akikoroma upande wa pili, mpaka jua liguse bati la kibanda chetu pale bwawani. Ni kazi niliyopewa, nami nitaifanya vizuri.